Mtazamaji Hakukanyaga Tope

Assalam aleikum. Hamjambo nyote.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, waongoza wageni wa hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, na ninyi wanangu wenye lenzi ndefu kuliko mikono: ahsanteni kwa kunialika. Mwenyekiti amenimwagia sifa hapa, na nusu yake nimeipokea kwa adabu tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimelipwa mshahara kwa kukataa picha za watu. Nilikuwa meza ya picha gazetini, enzi za filamu. Mpiga picha anarudi, filamu inasafishwa, vijipicha vyote vinachapwa kwenye karatasi moja, nami nainama juu yake na kioo cha kukuzia na kalamu nyekundu. Filamu moja ilikuwa na fremu 36. Nikitia alama mbili tu, mwenyewe yuko nyuma yangu nasikia pumzi zake.

Na kila picha iliyokataliwa ilikuwa na wakili wake. "Lakini dada, hii niliisubiri tangu alfajiri." "Hii askari nusura wanivunjie kamera." "Hapa nililala kifudifudi kwenye siafu." Niliwaamini wote. Siafu wa yule wa mwisho niliwaona kwa macho yangu, walikuwa bado wanamtembea kwenye kola ya shati. Ila gazeti la kesho yake lilikuwa linakwenda kwa mtu wa Voi aliyekaa kibandani anakunywa chai, hana habari za siafu, na kwenye fremu siafu hawakuwemo.

Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani, na nimeshikwa na ugonjwa wenu huu wa ndege. Nakwenda mdomo wa mto Sabaki na kamera kama ninyi. Tofauti ni kwamba siku hizi aliyelala kwenye siafu na mwenye kalamu nyekundu ni mtu mmoja, na huyo wa siafu ndiye mwenye sauti kubwa. Hilo ndilo nililoitiwa: mtu afanyeje aitazame picha yake mwenyewe kama vile imepigwa na mtu baki?

Tuanze na hii iliyo ukutani. Mwenyewe yumo humu, ni kijana anayeongoza wageni Mida, na ameniruhusu niipasue mbele yenu. Msigeuke kumtafuta, mwacheni apumue.

Ni keremkerem mwekundu, jioni, anarudi kulala mikokoni. Wote mnawajua, wako kwetu msimu wa kaskazi, na jua likianza kushuka wanamiminika Mida kundi baada ya kundi. Haya, tuitazame polepole. Wekundu wa kifua umetoka vizuri, na ile kijani iliyochanganyika na buluu kichwani nayo imetoka. Mwanga wa jioni umempiga ubavuni. Mabawa yamefunguka, na yale manyoya mawili marefu ya mkia yanaonekana mpaka mwisho. Hapo watu mmesema "aah", nimewasikia.

Sasa shukeni kwenye ncha ya bawa la kushoto. Imekatwa na ukingo wa fremu. Si sana, ni ncha za manyoya mawili hivi. Rudini kichwani. Nyuma ya kichwa pana tawi la mkoko, jeusi, linaingia upande huu na kutokea upande wa pili, na domo limepotelea humo, kwa sababu domo ni jeusi na tawi ni jeusi. Halafu jicho. Nimeifungua kwenye kompyuta na kuikuza mpaka ukubwa wake kamili. Fokasi imeshika tawi. Ndege imemkosa, kwa kiasi kidogo ambacho kwenye simu hukioni, lakini imemkosa.

Nilimuuliza mwenyewe anaipendea nini. Akanieleza. Mtumbwi ulikuwa umekwama, maji yanakupwa, mgeni ananung'unika, mbu wameanza. Wakawa wanasukuma, tope mpaka magotini, mara kundi zima likapita juu ya vichwa vyao, na mmoja akashuka chini kabisa, akapita usawa wa kamera. "Shangazi, mwili ulinisisimka." Nimemwamini kabisa. Na mwili ukimsisimka kila anapoiona picha hii mpaka uzeeni, ni haki yake, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini angalieni: mtumbwi haumo. Mbu hawamo. Tope halimo, wala lile kundi. Kilichomo ni ndege mmoja aliyekatwa bawa na kupitishwa tawi kichwani. Sisi wengine tumesema "aah" kwa ajili ya rangi, na rangi ile keremkerem huja nayo kila jioni, hakuazimwa na mpiga picha.

Kwa hiyo ninachokisema leo ni hicho, na yote mengine ni maelezo yake: picha ya ndege, ya msitu, ya bahari, ihukumiwe kwa kile inachompa mtu ambaye hakuwepo. Yule wa Voi na chai yake.

Wahenga walishasema ukipenda chongo huita kengeza, na wachumi nao wakaja kulipima jambo hilo kwa pesa. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi ya wanafunzi walipewa kikombe cha kahawa, cha kawaida tu, wengine hawakupewa. Soko likafunguliwa, mwenye kutaka kuuza auze, mwenye kutaka kununua anunue. Wenye vikombe walitaka kama maradufu ya bei ambayo wasio navyo walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kile kile kimoja, na waliopewa walikuwa wamekimiliki kwa muda mfupi sana. Hawakukisubiri tangu alfajiri. Hawakuumwa na mbu kwa ajili yake. Sasa wewe mwenye keremkerem wako, bei yako itakuwaje?

Mapenzi hayo hayaondoki kwa kujikaripia. Nimewaona watu wanakaza uso mbele ya skrini, "mimi sina huruma na kazi yangu," kisha wanabakisha picha zote. Mimi naona ni afadhali kuyachelewesha kuliko kugombana nayo. Kulikuwa na Mmarekani, Garry Winogrand, mpiga picha wa mitaani New York, hakuwa na shughuli na ndege. Alikuwa akiziacha filamu zake bila kusafishwa mwaka mzima au zaidi, kwa makusudi, ili siku ya kuzitazama awe ameshasahau alivyojisikia siku ya kuzipiga. Maana, kwa maoni yake, wapiga picha huichukua furaha ya ule wakati wakadhani ndiyo uzuri wa picha. Alipofariki mwaka 1984 aliacha filamu kama 2,500 hazijasafishwa, kwa hiyo dawa hii nayo ina kipimo chake.

Kipimo cha kwetu tunacho. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu: bamvua hadi bamvua ni kama wiki mbili. Picha ulizopiga bamvua hii, zipakue, weka nakala ya pili mahali pengine, kisha funga. Bamvua ijayo ndiyo ufungue. Utashangaa. Ile uliyoiota usiku itakuwa imenywea, na mahali fulani katikati ya zile ulizozipita haraka itakuwepo moja imekaa kimya inakungoja. Kama mgeni wako anataka picha zake kabla hajapanda ndege, mpe zake, hiyo ni biashara nyingine.

Mtaniambia, "Shangazi, kamera inaonyesha papo hapo, tutajizuiaje kuchungulia?" Chungulieni. Lakini mkichungulia, tazameni ile grafu ya mwanga, histogramu, kuona kama weupe umeungua. Hapa kwetu ni lazima, maana ndege wetu wengi ni weupe: yangeyange, korongo, na wale wala kaa wa Mida, weupe wenye mgongo mweusi, ambao wakisharudi Uarabuni huko hutaga mayai yao ndani ya mashimo ya mchanga. Weupe wao ukishaungua, hakuna programu itakayorudisha manyoya. Hilo grafu itakuambia. Lakini kama picha yenyewe ni nzuri au la, skrini ndogo ya nyuma ya kamera, juani, mchangani, saa saba mchana, haiwezi kukuambia, na mgeni anayekupigia makofi mtumbwini hawezi pia.

Tena siku hizi kuna balaa la wingi. Kamera zinapiga fremu 20 kwa sekunde moja na kuzidi. Sekunde mbili za keremkerem zinaimaliza filamu yangu yote ya zamani na kuongeza fremu nne. Mtu anarudi na picha elfu kadhaa za jioni moja, anachoka baada ya mia ya kwanza, na akishachoka anachagua kwa moyo, kwa sababu moyo ndio wenye haraka. Fremu 40 zikiwa za ndege mmoja, usijiulize unapenda ipi. Uliza jicho liko kali wapi. Katika hizo, uliza bawa limekaa vizuri wapi. Zitabaki tatu. Katika tatu uliza mandhari ya nyuma imetulia wapi, ubaki na moja. Robert Frank, yule Mswisi, alipozunguka Marekani katikati ya miaka ya 1950 alipiga fremu zaidi ya 27,000. Kitabu alichokitoa Ufaransa mwaka 1958 kina picha 83. Na alikuwa akitumia filamu, kila fremu ikimla pesa.

Mkishafungua, kuna njia za kulidanganya jicho lisiijue picha. Ya kwanza, ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu. Manyoya yanapotea, jicho la ndege linapotea, yanabaki maumbo na mwanga. Picha nyingi za msituni hufa hapo hapo. Ukiipunguza unaona fujo ya majani, ndege humwoni, ingawa wewe kila mara ulikuwa unamwona kwa sababu unajua alipo. Hilo la kujua alipo ni hatari kubwa kuliko mnavyodhani.

Ya pili, igeuze. Programu zote zina kitufe cha kugeuza kushoto iwe kulia. Leonardo da Vinci, zaidi ya miaka 500 iliyopita, aliwashauri wachoraji wawe na kioo na waitazame kazi yao humo mara kwa mara, maana ikishageuka itaonekana kama ya mtu mwingine, na makosa ya mtu mwingine ni rahisi kuyaona. Mzee yule aliijua vizuri tabia ya nyani na kundule. Nao wapiga picha wa kamera zile kubwa za miguu mitatu waliiona picha juu chini kwenye kioo cha nyuma, na wengi waliizoea hali hiyo wakaipenda, kwa sababu kitu kilichopinduka hukioni tena kama mti au mtu. Unaona uzito uko upande gani. Ukimaliza, tafadhali, irudishe ilivyokuwa. Usimtoe mtu picha ya mji wa Lamu umegeuka, wazee wa kule watakucheka mpaka Pate.

Ya tatu ni yetu sisi hasa. Malindi jua linachomoza baharini, na hakuna simu mji huu isiyo na picha ya jua lile, jahazi moja jeusi, na mstari wa dhahabu juu ya maji. Tunaipenda kwa sababu tuliamka. Sasa weka kidole gumba juu ya jua, ulizibe. Kimebaki nini? Kama kimebaki kitu — umbo la tanga, wingu, mtu anayeteka maji mtumbwini — unayo picha. Kama hakuna kilichobaki, una jua, na jua kila mtu analo. Na mkiwa hapo hapo tazameni upeo wa macho. Bahari ya Hindi haina mteremko. Nimeona picha za jua la alfajiri Malindi ambazo maji yake yangekuwa yameshamwagikia Mombasa.

Mniwie radhi, nimekaa sana kwenye ufundi. Tuje kwenye kitu kigumu zaidi, nacho ni heshima tunayompa kiumbe adimu.

Bundi mdogo wa Sokoke. Urefu wake ni kama sentimita 16. Duniani anajulikana katika misitu michache tu ya pwani yetu na ile ya vilima vya Usambara Mashariki, Tanzania. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona. Waongoza wageni wa humu wanajua mchana analala wapi. Unainama kwenye kichaka, unaona wawili wamebanana tawini, mmoja wa kijivu na mwingine rangi ya kutu, macho wameyafumba nusu. Mkono unatetemeka. Unapiga. Unarudi nyumbani na picha ya vijiti vingi na nyuma yake nusu ya uso wa bundi.

Picha hiyo usiifute. Ina tarehe, ina mahali, ni ushahidi kwamba bundi yupo, na watafiti wanauhitaji. Iweke kwenye folda ya ushahidi. Kuna folda nyingine ya kumbukumbu, ya yale yaliyokusisimua wewe. Nayo iheshimu, watoto wako wataipenda. Ninachokataa ni picha ya folda hizo mbili kuvalishwa fremu na kutundikwa ukutani kwa sababu tu jina la ndege ni kubwa. Ukitaka kujua, jifanye kwamba bundi huyo yupo kila mwembe wa Malindi. Je, bado ungeionyesha?

Na kuna wanaovunja vile vijiti ili uso uonekane, au wanaomwasha bundi taa usoni ili afumbue macho. Sina mengi ya kusema juu yao. Huyo hukumu yake ilishaharibika kabla hajabonyeza. Waongoza wageni, mrudisheni garini, hata akiwa na dola.

Hata majaji wakubwa hubebwa na hadithi. Mashindano ya picha za wanyamapori yanayoendeshwa na jumba la makumbusho la viumbe jijini London, majaji wake hawaonyeshwi majina ya wapiga picha, na hiyo ni kinga nzuri. Lakini picha iliyoshinda mwaka 2009 ilikuwa ya mbwamwitu wa Hispania anaruka lango la zizi usiku, na uzuri wake mkubwa ulikuwa kwamba ni mnyama wa mwitu aliyenaswa akiingia kuiba. Januari 2010 ilivuliwa ushindi, majaji walipoamua kwamba yaelekea alikuwa mnyama aliyefunzwa, wa kukodiwa. Mpiga picha alikana. Mimi jambo linalonivuta ni hili: kabla na baada ya uamuzi ule, kwenye karatasi hakuna nukta hata moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni kile walichoambiwa. Nasi kila siku tunajiambia.

Wenyeji wa mji huu tuna mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na kule wakamwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Walimwona yule waliyekuwa wakimngoja. Kwetu alikuwa twiga. Nami sisemi wao ndio walikosea zaidi, kwa sababu mazoea nayo yanapofusha.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana kila anayezungumzia habari hii huzungumzia mapenzi tu. Kinyongo nacho ni hisia. Umekwenda Sabaki kwa ajili ya heroe, heroe hawapo, upepo unakujaza mchanga kwenye lenzi, umegombana na mwenye bodaboda. Umepiga vitu viwili vitatu kwa hasira, na kabla hujafika nyumbani umefuta kadi nzima. Umehukumu nini hapo? Umehukumu siku. Picha hukuzitazama.

Binti mmoja aliye humu aliniletea picha zake mwezi uliopita, kumi na kitu, zote za mdiria, mdiria huyu, mdiria yule, nadhifu kweli. Alipokuwa anazipitisha kwa haraka nikaona kitu. "Rudisha nyuma." "Hiyo si kitu, Shangazi, ni kunguru." Kunguru wale wale wa India wanaotuibia samaki. Alikuwa amekaa juu ya nguzo ya gati, mvua inanyesha, mdomoni ameshika mfupa wa samaki, na maji yanamdondoka kwenye mdomo matone matatu, moja bado halijaachia. Nyuma bahari ya kijivu tupu. Jicho kali mpaka unaona ukuta wa gati umo ndani yake. Alikuwa amemtia alama ya kufutwa! Kwa nini? Kwa sababu ni kunguru, na kunguru sote tunamchukia, na siku hiyo binti alikuwa amejibanza mvua akimsubiri mdiria. Mtu wa Voi hamchukii kunguru wetu. Hana habari naye. Nikamwambia nitazivunja kamera zake zote akiifuta.

Kwa hiyo kufuta kuwe jambo la mwisho, tena baada ya bamvua.

Na baada ya hayo yote bado unahitaji macho ya mtu mwingine. Usimpelekee mama yako, na usimpelekee mnayeshindana naye kwa wageni. Mtafute mtu asiye na deni nawe, umpe picha, halafu — hili ndilo gumu — unyamaze. Usianze "hapa tulikuwa..." Ukishafungua mdomo umeanza kumpa siafu. Wala usiulize kama ni nzuri, atakujibu kwa adabu za kipwani na hutajua kitu. Uliza, "Unaona nini?" Mwenzangu mmoja alikuwa na picha anayoithamini sana, mvuvi ameinua nguru mbele ya jua la asubuhi, mwanga unapita kwenye mapezi. Akampelekea mama mmoja muuza samaki. Mama akaitazama kwa makini. "Naona samaki wa jana," akasema. Na kweli, jicho lilikuwa limeshazama, lina ukungu. Sote tuliotazama mwanga hatukuliona. Mwenzangu alinuna kidogo, kisha akaiondoa picha ile kwenye zile za kuuza, kwa sababu mteja wake alikuwa mkahawa wa samaki.

Nimesema ya kwangu. Maswali?

[Yafuatayo ni baadhi ya maswali na majibu.]

"Shangazi, tukiziondoa hisia zote, si tutabaki na picha kama za kitambulisho?"

Hapana, mwanangu, umenielewa nusu, pengine nimesema nusu. Ukiwa matopeni sisimka unavyotaka. Usiposisimka utarudi nyumbani saa kumi na moja na nusu ukakose yote. Mezani ndipo unapouliza kama msisimko ule umeingia kwenye fremu au umebaki kwenye ngozi yako. Picha ya kunguru imejaa hisia. Nimeiona sikuwepo, na mvua ile nimeisikia.

"Na laiki? Picha yangu ya pomboo ilipata laiki nyingi sana."

Hongera. Wangapi kati yao wamekula harusi yako? Watu wanakupenda wewe, na ni vizuri wakupende. Tena wanaitazama kwenye simu, ndogo, kwa muda wa kupitisha kidole. Iweke nyingine bila maelezo, bila jina la mahali, bila "alhamdulillah hatimaye", uone. Lakini usihangaike sana na hilo.

Haya, la mwisho. Wewe uliyesimama. Aa, ni mwenye keremkerem!

"Shangazi, meneja wa hoteli moja aliiona picha hiyo hiyo ya ukutani kabla hujaisema. Anataka kuinunua. Nifanyeje?"

Muuzie! Nani amekuambia usiuze? Mimi nimesema si picha yako bora, sikusema haina mnunuzi. Hebu tuwe wakweli tu na kazi. Muulize ataichapa kwa ukubwa gani. Ya kadi ya posta au menyu, fokasi ile haitaonekana, mpe. Akitaka ya ukuta wa mapokezi, mweleze kwamba kwa ukubwa huo jicho litakuwa na ukungu, aje alalamike baadaye kwa nini? Mwambie akupe muda: keremkerem wapo mpaka Machi, mtumbwi unao, na safari hii nenda maji yakiwa yanajaa usije ukakwama. Kata bei ya zote mbili sasa hivi, uiandike. Na akulipe kabla hujamtumia faili.